Hotuba ya Mwenyekiti: Chungu cha Alhamisi na Watoto Wetu



Tumefika miaka kumi. Habari za hisa, mikopo na lile sanduku letu la kufuli tatu mtazisoma kwenye taarifa ya mweka hazina, humu humu kitabuni. Sisi tumeombwa tuseme juu ya chungu cha Alhamisi, maana wageni wakipita tunapokutania huuliza, "Hiki ni kikundi cha akiba au ni chekechea?"

Tuanze na aibu yetu. Mwaka wa tatu tuligawana vizuri sana. Kuna walionunua mabati, kuna walionunua cherehani. Wiki ile ile tukawapeleka watoto kliniki kupimwa uzito. Akina mama mnazijua zile kadi: kijani ni salama, kijivu ni hatari, nyekundu ni hatari zaidi. Watoto wanne wa wanachama walikuwa kwenye kijivu. Wa tano alikuwa kwenye nyekundu, naye alikuwa mjukuu wa kiongozi. Tulirudi njia nzima kimya, na mabati yetu mapya.

Tena huku kwetu siyo nchi ya njaa, jamani. Mpunga unatoka Mpimbwe, dagaa na migebuka vinatoka Karema na Ikola, mahindi na muhogo tunalima wenyewe, na mvua zikianza uyoga tunauokota kwenye miombo. Lakini utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Rukwa, mkoa tuliokuwa ndani yake hadi mwaka 2012, na ambao mahindi yake yanalisha watu wengi, ni karibu nusu ya watoto. Kumbe tumbo kujaa ni jambo moja, na mwili kujengeka ni jambo jingine.

Muuguzi alituuliza: mtoto jana alikula nini? Asubuhi uji mweupe. Mchana ugali na mchuzi wa maharage, yaani mchuzi, maharage yenyewe walikula wakubwa. Usiku ugali tena. Sahani nyeupe kutwa nzima. Na siku ya kikao ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Sisi tunahesabu fedha toka saa nane mpaka saa kumi na moja, mtoto ameachiwa dada yake wa miaka saba, ananyamazishwa kwa andazi.

Basi tukakubaliana kwamba kila Alhamisi, kabla sanduku halijafunguliwa, tupike chungu kimoja, na watoto wa mwaka mmoja na nusu mpaka minne wapike pamoja nasi. Kila mwenye mtoto aje na kitu chenye rangi: boga, matembele, nyanya, papai, embe wakati wake. Mfuko ununue dagaa, mayai na mafuta. Mzozo ulikuwa mkubwa. Ilikuwa shilingi 500 za nyongeza kwa wiki, na wasio na watoto wadogo waliona wanalisha watoto wa wenzao. Wanachama watatu walijitoa. Hatuwalaumu. Wawili wamerudi, na wa tatu tunamwona amekaa pale nyuma leo, karibu sana dada.

Sasa mtoto wa miaka miwili anapika nini? Anachuma majani ya mchicha kwenye kikonyo. Anaosha nyanya kwenye beseni na kulowa mpaka tumboni. Kiazi lishe kilichochemshwa kikapoa anakimenya kwa vidole, kisha anakiponda kwa mwiko. Kazi ya dakika kumi inakuwa ya nusu saa, na mwenye haraka atagombana na mtoto bure. Lakini yule aliyekuwa anatema matembele kila siku, siku aliyoyachuma mwenyewe alikula, akamwonyesha mwenzake: "Yangu haya!"

Tulikosea pia. Mwanzoni tuliwapa maharage wachambue. Mtoto mmoja akajitia punje puani, ikabidi kukimbizwa hospitali ikatolewe. Tangu hapo maharage na karanga nzima hawazigusi, na kuzunguka mafiga tumechora mstari wa majivu ambao mtoto havuki.

Chungu chenyewe ni hiki. Boga au viazi lishe vya rangi ya chungwa, matembele au mchicha uliokatwa mdogo mdogo, na dagaa waliokaushwa kikaangoni wakatwangwa wote na mifupa. Halafu karanga iliyotwangwa siku hiyo hiyo, na mafuta kidogo, maana vitamini A iliyomo kwenye boga huingia mwilini vizuri ikipata mafuta. Karanga tunazichagua moja moja. Zenye ukungu au zilizosinyaa tunatupa, kwa sababu ya sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Tunda linaliwa baadaye.

Juu ya mayai, bibi zetu walisema mtoto akila mayai atakuwa mwizi. Tumewapa miaka saba sasa, na hata kuku mmoja hajapotea. Na akina baba waliokasirika kuona mtoto wa kiume anachuma mchicha, hao ndio siku hizi wanaouliza Alhamisi kimebaki nini.

Wale watoto wanne wa kijivu walirudi kwenye kijani, mmoja mmoja, kwa miezi. Yule wa nyekundu chungu peke yake hakikumtosha. Alilazwa kwanza, akatibiwa na malaria, ndipo akaanza kula nasi. Leo yuko shule ya msingi, na ndiye aliyewaletea maji ya kunawa hapo mlangoni.

Ombi letu kwa wafadhili wa hapa Mpanda ni moja. Masika tunapikia kwenye baraza ya kuazima, moshi unawaingia watoto machoni. Tofali tumefyatua wenyewe 2,000. Tunakosa mabati 20 na mbao za banda la jiko.

Chungu cha leo kimepikwa na watoto kumi na mmoja, na mkiona kipande cha ganda la yai msishangae. Wapishi wanakula kwanza. Mgeni rasmi atasubiri kidogo, tunamwomba radhi.