Paulo Alikuwa Mpangaji

Wengine wenu mko jikoni mkichemsha chai. Wengine mmekwisha kutoka, nanyi mwatusikiliza kwa simu iliyo mfukoni huku mkitembea kando ya Barabara ya Jogoo, au ile ya Lunga Lunga, kuelekea Industrial Area. Leo twasema nanyi watembeao kwanza.

Neno letu twalipata katika Matendo ya Mitume, sura ya 28, mstari wa 30. Hapo Luka atuambia ya kwamba Paulo alikaa Rumi miaka miwili katika nyumba ya kupanga, akiilipia mwenyewe. Wasomaji wengi huupita mstari huu upesi, kwa kuwa kitabu chakaribia kwisha. Lakini mtu anayelipa kodi kila tarehe 5 ya mwezi hawezi kuupita. Mtume huyu, aliyekuwa amefungwa mnyororo pamoja na askari, alikuwa na mwenye nyumba aliyemngojea.

Na Rumi haikuwa mji wa nyumba rahisi. Watu wengi wa mji ule walikaa katika maghorofa ya kupangisha, chumba juu ya chumba, wenye pesa chini na maskini juu kabisa. Maghorofa hayo yalikuwa yakianguka na kuungua, hata Kaisari Augusto akaweka sheria ya kupunguza urefu wake. Mtu apitaye Pipeline kule Embakasi, akatazama juu akaona nguo zimeanikwa mpaka ghorofa ya saba, na akina mama wakipandisha mitungi ya maji kwa ngazi, hana haja ya kuelezwa zaidi habari za Rumi.

Sasa tuseme kidogo juu ya hesabu, maana Bwana wetu mwenyewe, katika Luka sura ya 14, alisema habari za mtu atakaye kujenga mnara, akawauliza kama hataketi kwanza ahesabu gharama. Tuchukue mtu apataye shilingi 15,000 kwa mwezi. Amepanga chumba cha 5,000 karibu na kazi, naye huenda kwa miguu. Anasikia kwamba kule mbali kuna chumba cha 3,000. Anafurahi, anahama, ameokoa 2,000. Lakini nauli ni shilingi 60 kwenda na 60 kurudi, yaani 120 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 3,120. Basi kuhama kumemgharimu shilingi 1,120 zaidi kila mwezi. Tena hatujahesabu siku za mvua. Ninyi mnajua: mawingu yakikusanyika saa kumi na moja jioni, makanga huangalia juu mbinguni kuliko mchungaji yeyote, na nauli ya 60 yawa 100 kabla ya tone la kwanza kuanguka.

Kuna hesabu nyingine ya saa. Mtu akikaa njiani saa 3 kwa siku, mwezi ukiisha ametoa saa 78. Watoto wake huwaona wamelala asubuhi, na huwaona wamelala usiku. Kwa hiyo twawashauri, kabla hamjahama, kodi na nauli ziwekwe katika mstari mmoja wa daftari, kama kitu kimoja. Mwenye chumba ghali cha karibu pengine ndiye aliyepanga kwa bei rahisi.

Lakini tusiwe wepesi wa kushauri. Mahali pa karibu penye bei ndogo, mara nyingi ni kando ya mto. Mwaka 2024, mvua za Aprili ziliingia katika nyumba za watu kule Mathare na Mukuru, na mwezi wa Mei tingatinga za serikali zikaja kubomoa zile zilizosimama karibu na maji. Mtu aliyefanya hesabu yake vizuri kabisa alipoteza godoro kwa maji na mabati kwa tingatinga. Hayo si makosa ya hesabu.

Kwa hiyo twataka kuwageukia wengine walio na redio asubuhi hii, nanyi ni ninyi wenye nyumba. Wengi wenu mko katika makanisa yetu. Tena wengine ni wazee wa kanisa, na ploti zenu mlizipata kwa jasho, mkilipa mkopo wa benki ambao nao una tarehe yake. Hatusemi msidai kodi. Lakini fungueni Kumbukumbu la Torati, sura ya 24. Hapo Mungu amwambia mtu anayedai kwamba asiingie katika nyumba ya mdaiwa kuchukua rehani. Asimame nje, mpaka mwenyewe amtolee. Fikirini jambo hili. Mungu ameweka mpaka mlangoni pa maskini, hata kama maskini huyo ana deni la kweli. Mdai amezuiwa kuvuka kizingiti. Basi yule msimamizi wa ploti anayekuja na kufuli yake tarehe 6, akafunga mlango mtoto akiwa shuleni na sare ya kesho ikiwa ndani, ametumwa na nani?

Katika sura iyo hiyo, mstari wa 6, twakatazwa kuchukua jiwe la kusagia liwe rehani. Sababu yatolewa pale pale: kufanya hivyo ni kuchukua uhai wa mtu. Katika nyumba zetu za mjini jiwe la kusagia laitwa cherehani. Laitwa mkokoteni, au jiko la mama anayekaanga mandazi, au sanduku la vyombo vya fundi. Mwenye nyumba akishika cherehani kwa sababu ya kodi ya miezi miwili, mwezi wa tatu atalipwa na nini? Hata kwa akili ya biashara tu, bila Biblia, jambo hili ni upungufu.

Nanyi waajiri, mstari wa 15 ni wenu. Mshahara wa kibarua usilale kwako. Kenya tuna Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, na kifungu chake cha 31 chasema kwamba mwajiri ampe mfanyakazi makao ya kufaa karibu na kazi, ama amlipe fedha za kutosha kwa kodi juu ya mshahara wake. Wako wengi wasiojua hata kwamba kifungu hicho kipo. Lakini tusinyoshee viwanda kidole peke yake. Yule mama anayekuja kwako kufua Jumanne na Ijumaa, ukamwambia apitie tarehe 10 kwa sababu hukupata nafasi ya kwenda benki, mwenye nyumba wake hana tarehe 10. Atakopa kwa simu usiku, naye atalipa riba kwa ajili ya uvivu wako.

Tumesikia pia mahubiri, tena kwa sauti kubwa, kwamba mtu akitoa nauli yake ya wiki sadakani Mungu atamlipia kodi ya mwaka. Hatukuona neno hilo katika Matendo 28. Paulo alilipa kodi kila ilipofika, na fedha zilitoka mahali panapojulikana. Alikuwa fundi wa mahema, na kule Thesalonike alifanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu. Alipofungwa, Wafilipi walichanga, wakamtuma Epafrodito afunge safari ndefu na kumpelekea. Soma mwisho wa Waraka kwa Wafilipi. Sehemu hiyo ni barua ya shukrani ya mpangaji aliyeletewa msaada na kanisa.

Na hapa, wapendwa, twafika nyumbani kwetu. Kanisa letu lajua kufanya harambee. Twachangia arusi, twachangia mazishi, twachangia paa la kanisa. Kodi hatuichangii, kwa maana mtu aliyefungiwa mlango huona haya kusema. Husema mtoto ni mgonjwa, au haji kabisa, na katibu wa jumuiya huandika kwamba amepoa kiroho. Pengine hajapoa. Pengine hana shilingi 120. Sala Jumatano, kwaya Alhamisi, kikundi Jumamosi, ibada Jumapili: hizo ni nauli nne. Jumuiya ikikutana katika chumba cha mmoja wao, wakaazi wa ploti moja wakiketi juu ya kitanda na ndoo zilizopinduliwa, hakuna nauli. Nyumba ya Paulo ilikuwa hivyo. Watu walimwendea, naye akawapokea wote.

Nawe uliyechelewa na kodi mwezi huu, nenda kwa mwenye nyumba leo, kabla hajaja kwako. Mwambie ni kiasi gani ulicho nacho na siku gani utamaliza, na useme siku ya kweli. Usiondoke kupitia nyuma. Kisha mwambie na mtu mmoja wa jumuiya yako, kwa jina la kitu chenyewe: kodi.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe uliyesema kwamba huna mahali pa kulaza kichwa, uwatazame walioamka saa kumi alfajiri hii ili watembee. Uwalinde wanapovuka barabara gizani. Umlainishe moyo yeye aliye na kufuli mkononi. Na jioni, mvua ikinyesha, uwafikishe nyumbani. Amina.