Feni za Kompyuta: Umeme Wake na Mwendo Wake

Chukua kalamu na daftari, maana leo tutasoma na kujumlisha.

Kompyuta ya mezani ikifanya kazi hupata joto. Joto likizidi, huenda polepole au huzimika ghafula, na kazi usiyoihifadhi hupotea. Ndiyo maana ndani ya kasha lake mna feni.

Je, feni hupata umeme wapi? Kwenye ubao mkuu, ambao vyombo vya ndani vimeunganishwa nao, mna soketi ndogo za feni zenye pini 3 au 4. Hesabu pamoja nami. Pini ya kwanza hurudisha umeme. Ya pili huleta umeme wa volti 12. Ya tatu huujulisha ubao mwendo wa feni. Ya nne huleta amri: ongeza mwendo, punguza mwendo.

Na feni ya pini 3, haiongozwi? Huongozwa. Ubao hupunguza volti, nayo hupunguza mwendo. Lakini katika ukurasa wa mipango uitwao BIOS, chagua neno DC. Ukichagua PWM, feni hiyo itakwenda mbio wakati wote.

Sasa hesabu. Soma kibandiko cha feni. Tuseme kimeandikwa 12V 0.25A. Maana yake, feni hutumia robo ya ampea. Soketi nyingi huvumilia ampea 1 tu. Kitabu cha ubao wako kitakuambia. Ukiunganisha feni 3 kwenye soketi moja kwa waya wenye matawi, jumla ni 0.75. Vema. Ukiunganisha 6, jumla ni 1.5. Hatari! Soketi yaweza kuungua, na ubao ukaharibika. Tena feni inapoanza kuzunguka huvuta umeme zaidi, basi bakiza nafasi.

Ukiwa na feni nyingi za pini 4, tumia kigawanyio kinachopata umeme kutoka sanduku la umeme la kompyuta. Ubao utaleta amri tu.

Kabla ya kufungua kasha, zima kompyuta, uchomoe waya ukutani.

Swali la nyumbani: feni 4, kila moja 0.3A. Jumla ni ngapi? Utaziweka kwenye soketi moja? Andika jibu lako na sababu yake.

Herufi za kibandiko ni ndogo, lakini anayezisoma huokoa ubao wa bei kubwa. Kwaheri mpaka somo lijalo.