Usipake Rangi Juu ya Kutu

Nakusalimu wewe mama unayekoroga uji, wewe fundi wa Kibuye unayepanga spana zako mezani ukingoja mteja wa kwanza, na wewe ndugu uliye mgonjwa kitandani. Amani iwe kwenu nyote.

Leo nataka tuzungumze juu ya pikipiki kuukuu. Labda utasema, "Pikipiki zina nini cha kutufundisha? Hapa Kisumu zimejaa kila kona." Ni kweli. Tangu mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zisizofika sisi 250, boda boda zimekuwa nyingi kutoka Kondele hadi Dunga, na vijana wetu wengi hupata chakula kwa njia hiyo. Lakini mimi nasema juu ya pikipiki ya zamani, iliyokufa, na juu ya kijana aliyetaka kuifufua bila kuwahi kujenga pikipiki maishani mwake.

Kijana huyo kwao ni katika tambarare za Kano, karibu na ziwa. Alijifunza kuchomelea vyuma katika chuo cha ufundi, na siku nyingine huendesha boda boda. Mwaka 2020, mtakumbuka, maji ya ziwa yalipanda kupita kiasi. Watu wa pwani ya ziwa walihama makwao, mashamba yakazama, na hata makaburi yakafunikwa. Maji yalipoingia katika boma la nyanya yake, jamaa walikimbia kutoa vitu. Katika banda la ng'ombe, chini ya magunia, wakakuta pikipiki ya marehemu babu, tayari maji yameifika shingoni.

Ilikuwa BSA Bantam ya sisi 175. Wazee wetu wanazijua. Zilitengenezwa Birmingham, Uingereza, tangu mwaka 1948 hadi 1971, na chanzo chake ni cha ajabu. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945, washindi walichukua michoro ya pikipiki ya Kijerumani iitwayo DKW RT 125. Kutokana na michoro hiyo Waingereza wakatengeneza Bantam, Wamarekani wakatengeneza ya kwao, Warusi vivyo hivyo, na mwaka 1955 Yamaha ya Japani ikatoa pikipiki yake ya kwanza kwa mfano huohuo. Kitu cha adui kikawa cha msaada katika nchi nyingi.

Babu wa kijana huyu alikuwa mwalimu wa kanisa. Kwa Bantam hiyo alizunguka kutembelea makutaniko, Ahero, Nyakach, hata Kendu Bay, akiwa na Biblia ndani ya mfuko wa ngozi. Alipofariki mwaka 1998, pikipiki ikaegeshwa bandani, kuku wakalala juu yake.

Mnunuzi wa vyuma vikuukuu alipoiona, akataka kuinunua kwa kilo. Kijana akakataa. Akasema moyoni, "Nitaijenga. Nitakata fremu nyuma, nitang'oa madigadi, nitaweka usukani wa juu, niipake rangi nyekundu yenye ndimi za moto. Mji wote utageuka kuniangalia." Hiyo ndiyo ilikuwa nia yake ya kwanza. Sasa tazameni, ndugu zangu, mambo matatu ambayo chuma kile kilimfundisha.

Jambo la kwanza: anza na kutu, usianze na rangi.

Kijana alikuwa ameshanunua kopo la rangi kabla hajafungua hata nati moja. Fundi mmoja mzee, aliyestaafu kutoka reli, akamwambia, "Mwanangu, weka hiyo rangi kando. Rangi juu ya kutu ni shuka safi juu ya kidonda." Ikambidi avue kila kitu. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda. Asiipige kwa nyundo, bali amimine dizeli kupitia tundu la plagi na kungoja siku nyingi, akijaribu polepole kila jioni. Tangi lilikuwa na kutu ndani, akalijaza siki na vipande vya mnyororo akalitikisa, kisha akalisuuza vizuri. Alitaka kuliziba tundu lake kwa moto, mzee akamzuia, kwa sababu tangi lililowahi kubeba petroli, hata likionekana tupu, huwa na mvuke unaoweza kulipuka na kumuua mtu. Alipofungua breki akataka kupuliza vumbi. Mzee akamzuia tena, kwa kuwa breki za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Hufutwa kwa kitambaa kilicholowa maji.

Tena kulikuwa na ile mipira midogo ya kuzibia oili pande mbili za shafti ya injini. Ni vitu vya bei ndogo, na kwa nje havionekani kabisa. Lakini injini ya namna hii haina oili yake peke yake. Huchanganywa na petroli, robo lita ya oili kwa lita tano. Mipira ikikauka, hewa ya nje huingia, mchanganyiko huwa mwepesi, injini huchemka kupita kiasi, na pistoni hushika ghafla barabarani. Pikipiki inaweza kung'aa kama kioo, na kumbe mauti imekaa katika mpira usiofika upana wa kiganja.

Wapenzi wasikilizaji, si ndivyo tulivyo? Mara ngapi tumenunua kopo la rangi kwanza? Nyumba ina ugomvi, lakini tunanunua makochi mapya. Ushirika una madeni na manung'uniko, lakini tunachanga fedha za kubadilisha mapazia ya kanisa. Kumbukeni Nehemia. Alipofika Yerusalemu hakupiga tarumbeta. Alitoka usiku na watu wachache, akazunguka akitazama kuta zilizobomoka na malango yaliyoteketea, kabla hajamwambia mtu yeyote habari za kujenga. Kwanza aliutazama uharibifu kwa macho yake mwenyewe. Mtu asiyetaka kuona kutu yake hawezi kutengenezwa.

Jambo la pili: usifute namba.

Kila pikipiki ina namba iliyogongwa katika fremu na nyingine katika injini, na namba hizo huandikwa katika kitabu cha umiliki, ile logibuku. Logibuku ya Bantam haikuwa bandani. Ilikuwa katika sanduku la baba mkubwa wa kijana, huko juu mlimani. Na hapa ndipo taabu ilipokuwa, kwa maana tangu mazishi ya mwaka 1998 baba yake na baba mkubwa hawakusemezana. Waligombana juu ya mpaka wa shamba, na kila mmoja akachukua sehemu ya mali ya marehemu. Mmoja alibaki na pikipiki isiyo na karatasi, mwenzake alibaki na karatasi zisizo na pikipiki. Ikawa hivyo kwa miaka zaidi ya ishirini.

Rafiki mmoja akamnong'oneza kijana: "Kwa nini ujisumbue? Nitakupatia logibuku ya pikipiki nyingine. Tutasaga namba hizi kwa mashine, tugonge nyingine. Ni kazi ya nusu saa." Kijana alikuwa na mashine ya kusaga. Alijua kuchomelea. Angeweza.

Usiku ule akamweleza nyanya yake. Nyanya akanyamaza kidogo, kisha akamwambia, "Mjukuu wangu, babu yako aliitumia pikipiki hiyo kuwaambia watu kweli. Ukiipa jina la uongo, heri ungemwachia yule wa vyuma."

Kesho yake kijana akapanda mlima kwenda kwa baba mkubwa.

Jambo la tatu: hakuna ajengaye peke yake.

Baba mkubwa alimpokea kwa uso mkavu. Akauliza, "Umetumwa na baba yako?" Kijana akajibu kwa adabu, "Hapana, baba. Nimekuja mwenyewe. Naomba unifundishe." Hakuomba logibuku. Aliomba kufundishwa, kwa sababu mzee huyo ndiye aliyekuwa akipanda nyuma ya babu alipokuwa mtoto, na ndiye aliyejua tabia za mashine ile.

Na kweli yalikuwapo mengi ya kufundishwa. Boda boda za leo hubadilishwa giya kwa mguu wa kushoto, na breki ya nyuma ni mguu wa kulia. Bantam ni kinyume: giya ni kulia, breki ni kushoto. Dereva mwenye mazoea ya leo akishtuka barabarani atakanyaga giya akidhani ni breki. Tena spana za kawaida za gereji, namba 10 na 12 na 14, hazikai vizuri katika nati za Kiingereza za wakati ule, huzila pembe. Yule mstaafu wa reli ndiye aliyekuwa na spana za inchi, amezihifadhi katika kitambaa chenye gilisi. Na pengo la pointi za moto, karibu milimeta 0.4, baba mkubwa alilijua kwa ukucha wake.

Jumamosi ya tatu, baba mkubwa alishuka mwenyewe hadi Kano. Baba wa kijana alikuwa uani. Wasikilizaji, sitawadanganya kwamba walikumbatiana wakalia. Hawakufanya hivyo. Mmoja alishika tochi, mwingine akakaza nati. Walisemezana habari za nati. Baadaye walisemezana habari za marehemu. Na kwa kuwa mali ya marehemu haihamishwi kisheria bila jamaa kufuata njia ya urithi mahakamani, ikawapasa ndugu wale wawili waende pamoja, na kuweka sahihi karatasi moja. Suala la mpaka wa shamba bado halijaisha, lakini sasa linazungumzwa mezani, na mama yao yupo hai kulisikia.

Yesu alituonya kwamba sadaka iliyo mkononi yaweza kungoja, lakini ndugu uliyekosana naye asingojeshwe. Naye alitufundisha pia kwamba ajengaye mnara hukaa kwanza akahesabu gharama. Kijana huyu alihesabu gharama ya matairi, spoki na rangi. Gharama kubwa kuliko zote hakuiandika popote, nayo ilikuwa kuupanda ule mlima.

Labda mtauliza kama alifanya yale mapambo yake. Alifanya mengine. Kubadilisha kitu cha zamani si dhambi. Aliweka taa zenye nguvu zaidi, kwa maana zile za volti 6 ni hafifu usiku. Alishona kiti kirefu. Alichomelea karia imara nyuma, kwa mkono wake mwenyewe, na kazi ile ni nzuri. Lakini fremu hakuikata, kwa kuwa alielewa kwamba ndiyo inayobeba uzito wote, na namba hakuzigusa. Rangi ni nyekundu, haina ndimi za moto. Alianza na breki, akamaliza na rangi.

Sisi wa Kisumu tungepaswa kuyaelewa haya kuliko wengine. Meli ya William Mackinnon ililetwa kutoka Uingereza ikiwa vipande vipande, ikabebwa kutoka pwani, ikaungwa hapa kwetu na kushushwa ziwani mwaka 1900. Na MV Uhuru, iliyoanza kazi miaka ya 1960, ililala gatini miaka mingi hata watu wakaizoea kama mwamba, kisha mwaka 2019 ikatengenezwa ikarudi majini kubeba mafuta. Kilicholala si lazima kiwe kimekufa.

Ndugu yangu unayenisikiliza, katika banda lako kuna nini chini ya magunia? Pengine ni ndoa iliyonyamaza. Pengine ni mwana usiyemtaja tena jina. Pengine ni ndugu mwenye karatasi wakati wewe una chuma, na kila mmoja wenu ameshika nusu isiyoweza kwenda popote. Usingoje mafuriko yakulazimishe kuitoa. Iangalie kutu yake mchana kweupe, usiifute namba yake, na umwendee yule aliye na nusu nyingine, hata kama nyumba yake iko mlimani.

Na tuombe. Ee Mungu Baba yetu, wewe huoni haya kushika vitu vilivyovunjika. Tupe ujasiri wa kuiona kutu iliyo ndani yetu, utuepushe na njia ya mkato ya uongo, na leo hii utuelekeze katika mlango wa ndugu tuliyemwacha. Wakumbuke mafundi na madereva wote wa barabara zetu, uwarudishe salama jioni. Katika jina la Yesu. Amina.