Magonjwa ya Shamba Hayana Miguu

Maneno kwa watu wa vijiji vya Kalima juu ya vyakula na mimea inayoletwa kutoka mbali



Leo sikuja kuwafundisha kulima. Kulima mnajua. Nimekuja kusema nanyi juu ya jambo moja tu: kitu kinachoingia kijijini ndani ya gunia.

Tangu miaka ya 1930, madini ya bati yalipoanza kuchimbwa Kalima kwa wingi, watu wamekuja hapa kutoka pande zote. Wamekuja kwa mashua na kwa gari la moshi mpaka Kindu, wamekuja kwa ndege, kwa baiskeli, na kwa miguu kutoka Kivu. Kila mtu huja na mzigo wake. Ndani mna nguo, sufuria na chumvi. Mara nyingi mna pia vijiti vya mihogo, machipukizi ya ndizi, au mbegu za mahindi za kwao, kwa sababu mtu hapendi kusahau chakula cha mama yake.

Si kila mgeni ni mbaya. Mpunga mnaoupanda uliletwa Maniema na Waungwana, watu wa misafara ya pwani waliokaa Nyangwe na Kasongo kabla ya mwaka 1900. Mihogo nayo ilitoka Amerika. Wareno waliileta Afrika kwa merikebu zamani sana. Basi sisi sote tunakula wageni. Lakini njia inayoleta chakula kizuri ni njia ile ile inayoleta uharibifu. Ugonjwa wa shamba hauna miguu. Unabebwa na mtu, na mtu mwenyewe hajui kama anaubeba.

Sikieni habari ya mdudu mweupe wa mihogo. Katika miaka ya mwanzo ya 1970, wakulima wa karibu na Kinshasa na Brazzaville waliona wadudu wadogo weupe, kama waliopakwa unga, kwenye ncha za mihogo. Majani yakajikunja, shina likawa fupi, sombe ikakosekana. Mahali pengine watu walipoteza zaidi ya nusu ya mavuno. Mdudu huyo hakuwa wa Afrika. Alitoka Amerika ya Kusini, na wenye elimu wanafikiri alikuja juu ya vijiti vya mihogo vilivyoletwa kupandwa. Mbawa hana, jike hawezi kuruka, lakini kwa vijiti vya watu na kwa upepo alienea katika nchi nyingi za Afrika zinazolima mihogo, na hakuchukua hata miaka ishirini.

Alishindwaje? Mwaka 1981 watu walimkuta kwao, katika nchi ya Paraguay, na huko walimkuta pia adui yake: nyigu mdogo sana anayetaga yai ndani ya mwili wake. Nyigu huyo hakutiwa mfukoni na kuletwa Afrika siku ile ile. Alipelekwa kwanza Uingereza, akafungiwa katika nyumba maalum, akachunguzwa asije akaleta ubaya mwingine. Ndipo alipopelekwa Ibadan katika Nigeria, akafunguliwa mashambani mwishoni mwa mwaka 1981, na baadaye katika nchi nyingine nyingi. Kazi yake ilifaulu sana. Basi, ikiwa rafiki wa mihogo alifungiwa na kuchunguzwa kwanza, je, kijiti ambacho hatujui shamba lake kipite bila kuulizwa?

Habari ya pili ni ya mahindi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, watu wa Tabora katika Tanzania waliona mdudu mpya ghalani. Wakamwita dumuzi. Kwao ni Mexico na nchi za jirani zake. Aliingia ndani ya mahindi, na mahindi hayo hayakuletwa yapandwe, yaliletwa yaliwe. Dumuzi hutoboa punje mpaka ghala linabaki na unga na maganda matupu. Mihogo mikavu anaila vilevile. Kutoka Tabora alisafiri ndani ya magunia ya wafanya biashara. Ndiyo maana nasema hata chakula cha kula kinataka macho.

Habari ya tatu iko katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 1958, huko Yangambi, ugonjwa wa ndizi ulionekana ambao majani yake husimama wima, membamba, yamebanana juu kama kichwa cha ufagio, na mgomba hauzai. Unabebwa na wadudu wadogo weusi wanaokaa chini ya makuti ya mgomba. Lakini hao hawaendi mbali. Anayeupeleka mbali ni mtu mwenye machipukizi begani. Tena chipukizi la mama mgonjwa laweza kuonekana zima siku unapolipanda, na ubaya wake ukatokea baadaye. Dawa ya kuuponya mgomba huo hakuna.

Watu wa Australia walipata ugonjwa huu mwaka 1913, katika machipukizi yaliyotoka Fiji. Baada ya miaka kumi hivi, mashamba mengi yalikuwa yameachwa. Waliokoka kwa sheria mbili: asipande mtu chipukizi bila ruhusa, na kila mgomba mgonjwa ung'olewe. Zilikuwa sheria ngumu, lakini ndizi zikarudi.

Sasa mmoja wenu ataniuliza: «Je, tukatae chakula cha nje? Machimboni watu ni wengi, tutakula nini?» Hapana, ndugu yangu. Unga uliosagwa vizuri na mchele uliokobolewa hauoti. Ukiwa mkavu na hauna wadudu, uleni. Kitu cha kuogopa ni kile chenye uzima ndani yake: kijiti, chipukizi, mbegu, udongo ulioshika mizizi, na nafaka yenye matundu.

Basi shikeni maneno haya:

1. Usilete kutoka nchi nyingine mmea, mbegu wala udongo bila ruhusa. Serikali ina kazi ya karantini ya wanyama na mimea, na watu wake wapo kwenye mipaka na viwanja vya ndege. Anayetaka kuleta mimea huomba ruhusa kabla ya safari, na huja na cheti cha nchi alikoitoa, kinachosema kwamba imekaguliwa. Jambo hili si la Congo peke yake. Mataifa yalipatana juu yake huko Roma mwaka 1951.

2. Hata ndani ya nchi yetu, usichukue vijiti au machipukizi njiani. Yatoe katika shamba ulilolitazama kwa macho yako, lenye majani safi. Ukiwa na shaka, muulize agronomo kwanza.

3. Gunia la mahindi au la mihogo mikavu lifungulie nje, mbali na ghala. Tafuta matundu na vumbi la unga. Ukiona wadudu, peta, anika juani, na makapi yachome moto. Gunia tupu lichovye katika maji yanayochemka.

4. Mmea mpya upande peke yake, mbali na mingine, uutazame kwa miezi mingi. Ukiugua, ung'oe mmoja kabla haujawa mia.

5. Panga la kukatia ndizi lipitishe katika moto kabla ya kwenda shamba jingine. Kuna mnyauko wa ndizi ulioonekana Uganda mwaka 2001, na katika miaka ile ukaonekana Kivu ya Kaskazini. Huozesha matunda na kutoa usaha wa manjano, na panga chafu huupeleka kutoka mgomba hadi mgomba.

6. Ukiona ugonjwa usioujua, usikate jani ukaenda nalo sokoni kuwaonyesha watu. Hivyo utaueneza. Mwache mmea pale pale, umwite agronomo aje.

7. Mgomba wenye majani ya ufagio, ua kwanza wadudu wake kwa maji ya sabuni, kisha ung'oe pamoja na watoto wake wote. Usimwachie hata mmoja kwa huruma.

Wengine watasema: «Hizi ni taabu bure, sisi tuna madini.» Wazee wenu wanaweza kuwajibu. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka katika dunia yote. Ilipoanguka, mtu wa Kalima alikula nini? Alikula mihogo ya mke wake. Bei ya madini inawekwa na watu wa mbali ambao hamtawaona kamwe. Shamba liko mikononi mwenu. Likifa kwa ugonjwa mliouleta wenyewe, siku mgodi unapofungwa hamna pa kukimbilia.

Kwa hiyo, mgeni akifika na mzigo wake, msimfukuze. Mpeni maji, mpeni kiti, mpeni sombe ale. Akishashiba, mwulizeni kwa upole: «Ndugu, ndani ya gunia mna nini?» Na ninyi mkisafiri, jiulizeni neno hilo hilo kabla ya kufunga mizigo yenu.

Nimemaliza. Mwenye swali na aulize.