Hotuba ya Mwenyekiti: Tuhesabu Siku Kabla ya Kumwita Fundi



Awali ya yote tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha miaka kumi. Tulianza tukiwa tumekaa kwenye mikeka chini ya mwembe, sanduku letu lina kufuli tatu na ndani yake hela ya kuhesabu kwa dakika mbili. Leo tumekaa kwenye viti na tunakula wali. Akina mama oyee!

Kamati ilituomba tuseme juu ya mafanikio ya kikundi. Mafanikio mtayaona katika kurasa nyingine za kijitabu hiki, mweka hazina ameyaandika vizuri kuliko sisi. Sisi tumeona tutumie nafasi hii kusema jambo moja ambalo karibu lituvunje, ili lisimpate mwingine. Jambo lenyewe ni bafu.

Msicheke. Katika miaka hii kumi hatukugombana sana kwa ajili ya hisa, wala faini za kuchelewa. Tuligombana kwa ajili ya bafu la mwenzetu mmoja. Yeye mwenyewe yumo humu ukumbini na ametupa ruhusa tusimulie, ila jina tuliache.

Ilikuwa mwaka 2021, mwezi wa nane. Mwenzetu huyu anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba. Nyumbani kwake kulikuwa na chumba kikubwa cha mbele na stoo pembeni yake. Akawaza vizuri tu: ile stoo aigeuze bafu la kisasa, chumba kiwe cha kujitegemea, apangishe kwa bei ya maana. Na hakutaka bafu la hivi hivi. Alitaka marumaru mpaka juu darini, choo cha kukaa, sinki lenye kabati chini, hita ya maji ya moto, na mlango wa kioo mahali pa kuogea, kama alivyoona hotelini alipokwenda kwenye harusi. Fundi akaja, akapima kwa macho, akasema, "Mama, wiki tatu tu unaoga."

Sisi kamati tukasikia wiki tatu, tukaandika wiki tatu. Tukampa mkopo wa milioni tatu na nusu, marejesho yaanze mwezi wa kumi kutokana na kodi ya mpangaji. Mpangaji naye akapatikana upesi, kijana aliyekuja kujifunza kazi Bugando, akalipa miezi sita mbele. Ile kodi mwenzetu akaongezea kwenye marumaru.

Wiki ya kwanza walibomoa. Wiki ya pili wakachimba njia ya maji machafu, wakakuta jiwe. Hapa Mwanza nani hajui mawe? Ukichimba shimo la mchicha unaweza kukutana na jiwe lenye ukubwa wa nyumba. Kulipasua kwa moto na nyundo ni siku kumi zimekwenda. Halafu choo kilichonunuliwa mjini kilikuwa kinatolea maji nyuma ukutani, na fundi alishaweka bomba la kutolea chini. Sakafu ikavunjwa tena. Halafu marumaru zikapungua boksi nne, na dukani rangi ile ile imekwisha, zilizobaki zimepishana kidogo na za mwanzo. Ikabidi kungoja mzigo wa lori kutoka Dar es Salaam. Mwezi wa tisa ukaisha, wa kumi ukaingia. Mpangaji akawa anapiga simu kila siku. Mwenzetu akamwambia fundi, "Harakisha, harakisha!" Fundi akaharakisha kweli. Sakafu aliyomwaga jana, leo akaibandika marumaru.

Mwezi wa kumi na moja mvua zimekolea, kijana amehamia. Hakumaliza wiki mbili, ukuta wa sebuleni ukaanza kulia maji. Marumaru ukizigonga zinalia kama debe tupu. Kijana akadai kodi yake akaondoka, na hatumlaumu. Mwenzetu akauza dagaa kwa bei ya hasara ili amrudishie. Mwezi wa kumi na mbili, tulipofungua sanduku tugawane, hela hazikutimia. Kuna mama humu ndani mgao ule ndio ulikuwa ada na sare za watoto za Januari. Siku ile yalisemwa maneno ambayo hatutaki kuyarudia. Mwenzetu akaacha kuja vikaoni miezi miwili, akawa akituona sokoni anapita njia nyingine.

Tulipokwenda kwake kumrudisha, tulikaa kwenye lile bafu lililobomolewa, tukahesabu upya. Tukaona kosa halikuwa lake peke yake. Kosa kubwa lilikuwa letu, maana tuliandika wiki tatu bila kuuliza wiki tatu za nini.

Sasa tuwaambie tulichojifunza kwa mafundi waaminifu na kwa gharama yetu wenyewe. Kazi ya bafu ina siku za aina tatu. Kuna siku za kazi, ambazo fundi anaonekana na mwiko mkononi. Kuna siku za bidhaa, mnangoja mzigo. Na kuna siku za kukauka, ambazo hakuna mtu anafanya kitu, na hizo ndizo tunazozisahau. Fundi akisema wiki tatu mara nyingi hadanganyi. Anahesabu siku za mkono wake, nyingine anaziacha.

Hebu tuhesabu pamoja, bafu dogo la mita mbili kwa mbili na nusu.

Kwanza, kupanga na kununua, wiki mbili. Kabla nyundo haijagusa ukuta, choo, sinki, mabomba na marumaru zote ziwe zimo ndani ya nyumba. Choo tujue kinatolea wapi, chini au nyuma, na kinataka bomba likae umbali gani kutoka ukutani. Marumaru tununue kwa mara moja, tuzidishe moja katika kila kumi kwa ajili ya zinazovunjika na zinazokatwa, na tusome namba za kwenye maboksi zifanane.

Pili, kubomoa na kupitisha mabomba na waya, wiki moja. Waya wa hita apitishe fundi umeme mwenye leseni, maana maji na umeme si ndugu. Mabomba yakishaungwa yajazwe maji, yalale usiku mzima, asubuhi tuangalie kama yanavuja. Ndipo yafunikwe.

Tatu, plasta, sakafu na dawa ya kuzuia maji, wiki tatu. Hapa ndipo penye siku za kukauka. Saruji haikauki kama kanga kwenye kamba. Inataka unyevu ili ishike, ndiyo maana tunaimwagilia siku saba. Wahandisi wanapopima nguvu ya zege wanaihesabu siku ya 28. Sakafu ya jana ni kama mtoto wa jana, huwezi kumtwika ndoo. Ikishashika na kukauka inapakwa dawa mara mbili, kisha tunaziba tundu la maji, tunajaza maji sakafuni usiku na mchana. Yasipopungua na ukuta wa pili usipolowa, tunaendelea. Jaribio hili ni la siku moja tu. Mwenzetu angelifanya, asingevunja mara ya pili.

Nne, marumaru, wiki moja na nusu. Gundi ishike siku nzima kabla ya kuziba mianya, na mianya nayo iachwe ikauke.

Tano, mlango wa kioo na vifaa, wiki moja na nusu. Wengi hatukujua kwamba kioo hakipimwi mwanzoni. Kinapimwa marumaru zikiwa zimeshapanda, maana ukuta ukizidi hata nusu sentimita mlango haufungi. Kwa hiyo kazi inaonekana imekwisha, kumbe tunangoja kioo kikatwe.

Jumlisheni wenyewe: wiki mbili, moja, tatu, moja na nusu, moja na nusu. Ni wiki tisa. Ongeza mbili za dharura, kuuguliwa, msiba, mvua, lori kuharibika, zinakuwa kumi na moja. Na kama shimo la choo linachimbwa jipya, hiyo ni hesabu nyingine. Mfuniko wake wa zege nao unataka wiki mbili mpaka nne kabla haujabeba uzito, achilia mbali jiwe. Ndiyo maana kabla ya kuchimba tunashauriana, aende kwanza MWAUWASA aulize kama bomba la maji taka linapita jirani. Kwenye baadhi ya vilima vyetu mabomba hayo siku hizi yamepitishwa hata katikati ya mawe.

Kuna watakaosema, wiki kumi na moja kwa bafu moja, si uvivu huo? Jamani, sisi ni watu wa ziwa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inapumzika, na hakuna anayekwenda Mwaloni kumfokea mvuvi kwamba mwezi umewaka. Tunapanga hela zetu kufuatana na mwezi. Basi na saruji ina mwezi wake. Anayeanika dagaa mawingu yakiwa yametanda analaumu mawingu, lakini moyoni anajua.

Na tusidhani ni sisi wa hali ya chini tu. Wenzetu wa Sengerema na Geita wanalijua daraja la Kigongo hadi Busisi, kilometa tatu juu ya maji. Jiwe la msingi liliwekwa Desemba 2019, ujenzi ukaanza 2020 ukapangiwa miaka minne, na daraja likazinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Wahandisi wanajua kuhesabu na bado siku zilisogea. Lakini leo tunalipita, hatuulizi tena lilichelewa siku ngapi. Tungeuliza kama lingejengwa kwa pupa.

Baada ya mkasa ule kikundi kilipitisha taratibu tano, na tunawaachia vikundi vingine wazichukue bila malipo.

Moja, mwombaji wa mkopo wa ujenzi analeta karatasi yenye siku za kazi, siku za bidhaa na siku za kukauka, fundi ametia sahihi. Karatasi isiyo na siku za kukauka tunairudisha.

Mbili, mkopo unatoka mara mbili. Nusu ya kwanza ni ya kununua vifaa, na nusu ya pili inatoka wanachama wawili wakishaviona kwa macho.

Tatu, fundi analipwa hatua kwa hatua, na sehemu ya mwisho inabaki mpaka bafu litumike wiki mbili bila kuvuja. Fundi naye ana watoto, kwa hiyo hatua ikikamilika alipwe siku ile ile. Tukimcheleweshea anakwenda saiti nyingine, na hapo tutamlaumu nani?

Nne, hakuna kupokea kodi ya mpangaji kabla bafu halijaisha. Hela ya mtu mwingine ndani ya saruji mbichi haikuachi ulale.

Tano, marejesho yanaanza mwezi mmoja baada ya ile siku ya mwisho, pamoja na zile wiki mbili za dharura. Tumeona ni heri mwenzetu aanze kulipa kwa kuchelewa akamaliza, kuliko aanze mapema akatukimbia.

Tangu hapo wanachama wanne wamejenga mabafu kwa mkopo wa kikundi. Mmoja alimaliza wiki ya kumi, wawili ya kumi na moja, mmoja ya kumi na tatu kwa sababu ya jiwe. Huyo wa jiwe alitupa taarifa mapema, tukamsogezea tarehe, hakuna aliyepandisha sauti. Mgao wa Desemba umetimia kila mwaka.

Na yule mwenzetu? Alirudi. Tulimgawia deni lake katika miezi kumi na minane, akalipa lote, hata shilingi moja haikubaki. Bafu alilijenga upya polepole, kwa faida ya dagaa, na sasa lina mpangaji wa tatu. Leo yeye ndiye anayekagua karatasi za ujenzi katika kikundi chetu, na ni mkali kweli kweli. Akikuuliza, "Sakafu umeipa siku ngapi?" ujiandae kujibu.

Ndugu zetu, kutaka bafu zuri si anasa ya kuonea haya. Mama aliyebeba ndoo kichwani kutoka ziwani tangu utotoni, ana haki ya kufungua bomba la maji ya moto nyumbani kwake. Tunachoomba ni kwamba siku zihesabiwe kwa ukweli tangu mwanzo, zisemwe mbele ya wote, kisha anayengoja na anayejenga wavumiliane. Walionuniana siku ile ya sanduku hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wameahidiana tarehe ambayo haikuwepo.

Baada ya kusema hayo, tunawashukuru waume zetu waliotuvumilia jioni za vikao, mafundi waliokubali kutufundisha, na ninyi nyote mliofika. Chakula kiko tayari, na hicho hakina siku za kukauka.