Panya Ndani ya Frigo

Umeme ukikatika-katika, tunarudi kwenye mbabula na makala. Resho na frigo tunavisukuma depo, karibu na mfuko wa bunga. Panya anataka nini tena?

Meno yake ya mbele hayaachi kukua, kwa hiyo lazima agugune ili yapungue. Waya haumshibishi, lakini atautafuna. Na panya mdogo wa nyumbani hupenya tundu la milimita 6 tu, akajenga kiota nyuma ya frigo, penye mota.

Basi baba, mama, kabla ya kuchomeka chombo kilichokaa, kigeuzeni, kimulikeni kwa tochi. Waya uliomenyeka msiufunge kwa kipande cha mfuko, mpeni fundi. Shaba iliyo wazi inaua, inaunguza nyumba. Sumu? Panya anaweza kufia humo humo ndani, na harufu mtaijua wenyewe.

Mavi yake msiyafagie makavu, vumbi lake huleta magonjwa: yaloweshwe kwa maji yenye javeli, kisha yafutwe. Matundu yazibwe kwa simenti. Na ule mfuko wa bunga, utoeni depo leo.