Wakala wa Kompyuta na Madaraja ya Fedha

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimepewa dakika kumi na tano, nami nitajitahidi nisizizidi. Katibu wa chama aliniarifu kwamba vijana wa klabu ya kompyuta wameleta ombi. Wanataka michango yetu ya paa la bweni igeuzwe kuwa sarafu za kidijitali, na programu waliyoitunga wenyewe, yaani wakala wa akili mnemba, iachiwe kazi ya kuzihamisha kutoka blokcheni moja hadi nyingine kila ionapo faida. Kamati ikanitaka nitoe maoni. Programu hiyo nimeisoma kwa usiku mbili. Enzi zetu kompyuta ya shule ilikuwa moja, imefunikwa kitambaa cha mezani ofisini kwa Mkuu, wala simkumbuki mwenzetu hata mmoja aliyepata kuigusa. Kwa hiyo kwanza nawapa vijana heko yao.

Blokcheni, kwa ufupi, ni daftari la hesabu ambalo nakala zake hutunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, na kilichokwisha kuandikwa humo hakifutiki kwa urahisi. Daftari la Bitcoin lilianza Januari 2009, la Ethereum Julai 2015, na baadaye yakafuata mengine mengi. Taabu ni kwamba daftari moja halisomi jingine. Ndipo yakabuniwa madaraja. Wenzetu wa pwani wataelewa upesi, kwa kuwa hawala wanaijua: unamkabidhi mtu fedha Dubai, ndugu yako analipwa Mombasa, na hakuna noti iliyovuka bahari. Daraja nalo hufungia sarafu yako upande huu, kisha upande wa pili hutoa hati ya thamani ile ile. Liko na la namna nyingine, kama lile la kampuni ya Circle tangu 2023, ambalo huiteketeza sarafu huku na kutoa mpya kule. Tofauti ni kwamba katika hawala unamjua mtu na baba yake. Katika daraja unategemea funguo za siri tu, na aliye nao ufunguo ndiye mwenye mali.

Sasa chombo chenyewe. Wakala huambiwa kwa maneno ya kawaida, mathalani "hamisha dola 50 ziende kule". Chombo kinampa orodha ya kazi anazoweza kuzifanya: kuuliza salio, kulinganisha ada za madaraja, kuchagua njia, kutia sahihi, na kungojea mpaka fedha ionekane ng'ambo. Kazi nne kati ya hizo nisingekuwa na neno nazo. Usingizi uliniishia kwenye hiyo ya kutia sahihi.

Niruhusuni nieleze yaliyolipata daraja la Ronin, lililojengwa na kampuni ya Sky Mavis ya Vietnam kwa ajili ya mchezo wa Axie Infinity. Daraja hilo lilikuwa na wathibitishaji 9, na sahihi 5 zilitosha kutoa fedha. Sky Mavis yenyewe ilishika 4. Novemba 2021 watumiaji walizidi mno, basi jumuiya ya Axie ikairuhusu kampuni kutia sahihi kwa niaba yake, kwa muda. Desemba haja ikaisha. Ruhusa haikufutwa. Tarehe 23 Machi 2022 wadukuzi waliokwisha kuingia katika mitambo ya kampuni wakajikuta na sahihi 4, na ya tano wakaipata kwa mlango ule uliosahauliwa. Zikaondoka Ether 173,600 na dola za kidijitali milioni 25.5, jumla yapata dola milioni 600 na ushei. Hakuna aliyejua mpaka tarehe 29, mteja mmoja alipotaka kutoa Ether 5,000 akashindwa. Siku sita! Serikali ya Marekani ilisema ni kazi ya kundi la Lazarus la Korea Kaskazini.

Mtumishi wa serikali akisikia habari hiyo hacheki. Mimi mwenyewe niliwahi kusafiri wiki moja kikazi, nikamwachia kijana wa ofisini barua ya kuidhinisha mafuta ya magari. Nilirudi, nikaendelea na kazi, barua nikaisahau. Miezi saba baadaye ilikuwa bado inatoa mafuta. Kosa lilikuwa langu, na maelezo niliyaandika mimi.

Wakala wa kompyuta ana udhaifu mwingine ambao kijana yule wa mafuta hakuwa nao. Yeye husoma kila anachopewa, na si rahisi kwake kutofautisha agizo la bwana wake na agizo lililofichwa na mwizi ndani ya maandishi anayoyapitia. Akikosea, hakuna meneja wa benki wa kupigiwa simu. Katika programu ya vijana ufunguo umewekwa mle mle wakala anamosoma, na sikuona kikomo cha kiasi wala orodha ya anwani zinazoruhusiwa. Nimewaonyesha mstari wenyewe, nao wakakubali bila ubishi, jambo ambalo sisi wa umri wao tusingelifanya.

Maoni yangu kwa kamati, basi, ni kwamba fedha ya paa ibaki benki kwenye akaunti ya sahihi mbili. Mvua hazingoji bei ya sarafu ipande. Lakini naomba vilevile klabu inunuliwe kompyuta mbili, na vijana waendelee katika mtandao wa majaribio kama Sepolia, ambako sarafu hazina thamani ya sokoni. Waweke kikomo, waweke orodha ya anwani, na kila uhamisho uidhinishwe na mtu. Kisha wawaalike wenzao wa kidato cha sita wajaribu kuwaibia.

Kompyuta moja nitailipia mimi. Ya pili, Ndugu Mwenyekiti, naiacha mikononi mwa waliohitimu mwaka mmoja nami, ambao nawaona pale nyuma wakijifanya hawasikii.